Mjadala: Je, muumini ana ruhusa ya kumsahihisha mchungaji wake?

Ndugu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naomba tulijadili kwa uwazi swali ambalo hapa kwetu Moshi huzungumzwa kwa kunong'onezana baada ya ibada: mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa akikosea katika mafundisho au mwenendo, je, muumini wa kawaida anaruhusiwa kumwambia? Wapo wanaosema haruhusiwi kabisa, na andiko wanalolishika ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu," yaani watiwa mafuta wangu. Mimi ni mzee wa kanisa, na ninaamini kwamba ruhusa anayo, tena anayehitaji kuambiwa kuliko wengine ni yule anayesimama mbele, kwa sababu unyenyekevu tumezoea kuwahubiria walioketi kwenye mabenchi, na ni mara chache tunaudai kwa aliyeko mimbarini.

Miaka michache iliyopita jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwangu, huku Old Moshi, Jumatano jioni, nami nikafundisha Malaki 3:10 kuhusu kuleta zaka kamili ghalani. Mama mmoja mjane, muuza ndizi, alisubiri hadi nilipomaliza, akaweka kikombe chake cha chai chini, akanisogezea Biblia yake huku kidole kikiwa juu ya mstari wa 5 wa sura ileile, akasema kwa upole, "Baba, naomba utusomee na huu." Nikausoma kwa sauti. Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya watu wa namna nyingi, na miongoni mwao ni "wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake." Kijana aliyenivunia kahawa msimu ule alikuwa ameketi karibu na mlango, na ilikuwa wiki ya sita sijamlipa. Sababu nilikuwa nayo, kwamba fedha za kahawa zilikuwa hazijatoka, lakini zaka yangu mwenyewe nilikuwa nimeshaitoa, tena mbele za watu.

Kilichonijia kwanza moyoni ni hasira: kwa nini mama huyu hakuniita pembeni? Kijana nilimlipa Ijumaa ile, ila kumshukuru yule mama kulinichukua miezi kadhaa, na hadi leo miezi hiyo inanisikitisha kuliko lile deni.

Sasa turudi kwenye Zaburi. Inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache waliotangatanga kutoka taifa hadi taifa, ambao Mungu aliwakataza wafalme wasiwadhuru. Kuwapima mafundisho hakumo humo. Tena anayeheshimiwa kwa kukataa kumgusa masihi wa Bwana ni Daudi, na tunajua alivyofanya katika 1 Samweli 24: hakumwua pangoni mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda, na hata kukata upindo wa vazi lake kulimchoma moyo, lakini alitoka nje, akamwita mfalme, akainama kifudifudi, kisha akamwonyesha kipande cha nguo kama ushahidi. Heshima na ukweli vilitoka katika kinywa kimoja.

Apolo naye, katika Matendo 18, alikuwa msemaji hodari katika maandiko, na waliomweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi ni Prisila na Akila, mke na mume washona hema. Hatusomi kwamba aliuliza wamesomea wapi. Hata hapa mlimani Kilimanjaro, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliofika mwaka 1893 hawakuweza kuhubiri Kichagga bila kukubali kwanza kusahihishwa matamshi na watu wale wale waliokuja kuwafundisha.

Nakubaliana na wanaopinga katika jambo moja zito. Kumrekodi mchungaji kwa simu, kukata sekunde ishirini za mahubiri ya saa nzima na kuzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ni kumwaibisha mtu, na Mathayo 18:15 inaagiza uende kwake, wewe na yeye peke yenu. Paulo pia anamwandikia Timotheo kwamba mzee asikemewe, bali aonywe kama baba. Lakini Paulo huyo huyo, kule Antiokia, alimpinga Kefa, yaani Petro, mbele ya wote, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya wote na Wayahudi wengine walikuwa wameanza kulifuata.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoshika msimamo wa Zaburi 105 mnijibu hili kabla hatujaendelea: mama yule angefanya nini Jumatano ile, wakati mimi nafundisha uaminifu na kijana nisiyemlipa ameketi mlangoni, ananisikiliza?