Tumelipa yuan 380 kuona hekalu la miaka 700 Beijing, tukaonyeshwa jengo lililofunguliwa 2017

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayekuta maneno makali anivumilie, na atakayejitambua humu ndani basi ni yeye.

Niko Beijing, mwaka wa pili chuoni. Kuna jamaa wa kwetu hapa mjini, Kichina kinamtoka kama maji, ambaye huandaa safari za wikiendi na kuzitangaza kwenye magrupu yetu ya WeChat. Jina simtaji. Mwezi Oktoba akarusha tangazo lenye picha ya mnara mweupe wa marumaru na mlima uliojaa majani mekundu: Hekalu la Biyun, umri karibu miaka 700, pamoja na bustani ya Xiangshan inayolizunguka. Usafiri, tiketi, chakula cha mchana na maelezo ya historia, yuan 380 kwa kichwa. Kwa madafu hiyo ni laki moja na ushee. Tukajitokeza watu 23. Watanzania, Wakenya watatu, na mama mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyepandisha kutoka Guangzhou kuja kumsalimia mwanawe.

Siku yenyewe Jumamosi ya mwisho wa Oktoba. Anayeijua Beijing ameshaanza kucheka. Ndio msimu majani ya miti ya huanglu yanageuka mekundu, na jiji zima linahamia mlima ule mmoja. Chukua Kariakoo mkesha wa Idi, ipandishe kwenye ngazi za mawe, umempata huyo.

Ule "usafiri" ulikuwa treni ya chini ya ardhi. Wallahi. Laini namba 10 hadi Bagou, halafu ile treni ndogo ya juu ya ardhi hadi kituo cha mwisho, Xiangshan, na kila mtu anagusa kadi yake mwenyewe. Tulipouliza, akasema atarudisha mwisho wa siku. Mwisho wa siku haujafika hadi leo.

Tukaingia bustanini. Kwanza akatupeleka kwenye foleni ya vile viti vya kuning'inia kwenye waya vinavyopandisha watu hadi kileleni. Masaa mawili na nusu tumesimama. Tulipofika dirishani tukaambiwa kila mtu ajilipie, eti hiyo haikuwemo kwenye kifurushi. Wengine tukagoma tukapanda kwa miguu, tukawasubiri wenzetu juu. Kilele chenyewe hakifiki hata mita 600 kutoka usawa wa bahari. Mimi mtu wa Mwanza, ziwa letu tu liko mita 1,134. Sikulipa pesa zile kwenda kupanda kichuguu, mimi nilifuata hekalu.

Basi saa nane mchana ndipo tukaletwa kwenye "hekalu". Majengo yamepangwa kwenye mteremko, ngazi juu ya ngazi, mapaa ya vigae, nguzo nyekundu. Jamaa akapanda kwenye jiwe, akakohoa kidogo kama diwani, akaanza: hekalu hili ni la miaka 700, halijaguswa tangu enzi za Wamongolia. Mama wa Lubumbashi akazigusagusa nguzo akauliza, "Baba, hii nyumba ni ya zamani kweli? Mbona rangi inang'aa hivi?" Akajibiwa, "Mama, Wachina wanajua kutunza." Sote tukatikisa vichwa. Mimi mwenyewe nilitikisa, na hapo ndipo ninapojichukia.

Chakula cha mchana: hindi moja la kuchemsha na mkate wa mvuke usio na kitu ndani. Saa tisa na nusu tukaambiwa safari imekwisha.

Jumatatu nikamwonyesha picha Mchina mmoja ninayesoma naye. Akaziangalia, akauliza, "Luohan umewaona wangapi?" Yaani zile sanamu za wafuasi wa Buddha. Nikamwambia sikuona luohan yeyote. Akauliza kuhusu mnara mweupe. Sikuuona. Akaangua kicheko hadi akakaa chini. Pale tulipopelekwa ni hekalu la Xiangshan, ambalo ni jingine kabisa, liko humo humo bustanini. Mahali pale pana historia kubwa, sikatai, wafalme wa ukoo wa Jin walishajenga hapo tangu 1186. Lakini mwaka 1860 majeshi ya Waingereza na Wafaransa yaliichoma ile bustani ya kifalme na hekalu likateketea nayo, na mwaka 1900 majeshi ya kigeni yakarudi tena kuharibu. Pakabaki misingi na mawe zaidi ya karne moja. Haya majengo tuliyoyashangaa ni ukarabati wa juzi, yamefunguliwa kwa umma 2017. Yaani tulikuwa tunapapasa mbao zenye umri mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho.

Kwa nini atupeleke huko? Hesabu ni nyepesi. Kiingilio cha bustani msimu ule ni yuan 10, na hekalu la Xiangshan limo humo humo. Hekalu la Biyun lina tiketi yake ya pembeni, yuan 10 nyingine. Mtu amekusanya yuan 8,740 halafu anabana kumi kumi!

Jumanne nikaenda peke yangu. Kwa kitambulisho cha mwanafunzi nililipa nusu kila mahali, kwa hiyo tiketi zote mbili zikanitoka yuan 10. Niliingia geti la kaskazini, na Biyun iko pale pale karibu. Huwezi hata kupotea.

Wakuu, tulinyimwa kitu. Hekalu lilianza 1331, limejengwa kufuata mteremko, kila ua uko juu ya ua uliotangulia, kwa hiyo ukisimama chini huoni kilichoko mbele hadi upande. Mlangoni kuna sanamu za walinzi wawili, kila mmoja ana zaidi ya mita nne, macho yamewatoka. Upande wa kushoto kuna ukumbi wa luohan, wale wafuasi wa Buddha waliofikia ukamilifu: 500, wa mbao iliyopakwa dhahabu, ukubwa wa mtu mzima, wamekaa safu kwa safu na hakuna wawili wenye sura moja. Mmoja anacheka, mmoja anajikuna, mwingine ana sura ya mjomba anayesubiri kudai deni. Inasemwa mfalme Qianlong naye alijipachika humo kwa sura yake mwenyewe, jambo ambalo halikunishangaza, wakubwa ni walewale kila nchi. Ukijumlisha miungu saba unapata 507. Kibao kinasema 508. Nilizunguka mara mbili nikimtafuta wa mwisho, hadi bibi mmoja wa Kichina akanivuta shati akanyoosha kidole darini. Yupo juu ya boriti, kachuchumaa. Ni Jigong, yule mtawa mlevi wa hadithi zao, alichelewa kufika akakuta viti vimejaa. Nilicheka peke yangu kama kichaa, na bibi akacheka nami.

Juu kabisa ndipo ulipo mnara wa kwenye tangazo. Marumaru nyeupe, karibu mita 35, ulijengwa 1748 kwa mtindo wa Kihindi. Sun Yat-sen, baba wa jamhuri yao, alipofariki Machi 1925, jeneza lake liliwekwa humo hadi 1929 alipohamishiwa Nanjing. Nguo na kofia yake vimebaki mnarani. Kwenye ukumbi wa kumbukumbu kuna jeneza la chuma na kioo lililotumwa kutoka Urusi ya Kisovieti, likafika wameshamweka kwenye jingine, ndiyo maana liko tupu. Nilisimama pale nikamkumbuka jamaa yetu. Ni sawa na mgeni atoke Beijing kuja kuzuru kaburi la Mwalimu Butiama, umwonyeshe nyumba ya jirani, umpe hindi la kuchemsha, umrudishe Musoma.

Nilimfuata kwa ustaarabu, faragha, nikamwita kaka. Nikamwambia kaka, ulikosea hekalu. Akajibu, "Dogo, hekalu ni hekalu, na wewe si Mbudha, ulitaka nini?" Nikamwambia basi angalau arudishe tofauti, na nauli za watu. Akaniambia nina njaa.

Kwa hiyo namwaga hapa. Mnaosoma Beijing, Tianjin, hata mnaokuja kibiashara mkapata siku moja ya mapumziko: msimlipe mtu kuwapeleka Xiangshan. Nunueni tiketi mapema mtandaoni kwa pasipoti, nendeni katikati ya wiki, laini 10 hadi Bagou, treni ndogo hadi mwisho, halafu ulizeni neno moja tu, "Biyunsi". Majani mekundu yakishaanza, wikiendi kaeni nyumbani mpike ugali.

Juzi ametoa tangazo jipya. Ukuta Mkuu, yuan 420, "chakula kipo". Nikaandika kwenye grupu swali moja: chakula ni hindi au mkate? Watu watatu wakaweka vicheko, mama wa Lubumbashi akaweka sauti ya dakika mbili ambayo sikuwahi kuimaliza kuisikiliza, maana saa tatu usiku nilikuta nimeshatolewa kwenye grupu.