Gari litalala miezi yote ya baridi kali, niliandaeje?

Kipupwe
Habari zenu wakuu. Ninapoishi baridi ikishika inashika kweli: theluji, barafu, barabara zinamwagiwa chumvi. Mwaka huu nasafiri theluji ikikaribia kuanza na nitarudi ikishayeyuka, kwa hiyo gari litakaa kama miezi minne. Ni la petroli, gia otomatiki, nimelipata kwa jasho na ndilo linalobeba familia yangu yote. Sitaki kurudi nikute mzoga. Nina banda lenye paa na kuta, sakafu ya zege, umeme upo ila hakuna joto.

Nimeulizia, kila mtu na lake. Mmoja kasema ng'oa betri, mwingine kasema mwachie jirani funguo awe analiwasha kila Jumamosi dakika kumi. Nishike lipi? Na tangi nijaze au nilikaushe? Naombeni msaada wa waliokwisha kufanya hivi. Nawasilisha.

Spana13
Mkuu, gari halifi kwa baridi yenyewe. Linakufa kwa unyevu, kwa betri kuisha chaji, na kwa maji kuganda mahali yasipotakiwa. Ukividhibiti hivyo vitatu, lala usingizi.

Anza na kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta yasigande. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na ndani ya injini hayana pa kutanukia, kwa hiyo chuma ndicho kinachopasuka. Kama rejeta imekuwa ikiongezewa maji ya bomba kila inapopungua, kulanti imeshazimuliwa hata kama rangi bado unaiona. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji huvumilia mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Mwambie fundi apime kwa kile kipimo chenye mpira wa kunyonyea, ni kazi ya dakika moja. Maji ya kuoshea kioo nayo yawe yale ya baridi, la sivyo kitangi na pampu yake vinapasuka.

Oili badilisha kabla ya kulilaza, usingoje ukirudi. Oili iliyokwisha tumika ina unyevu na tindikali, na ukiiacha humo itakaa miezi minne ikila beringi.

MamaTatu
Mimi nikisafiri jirani ndiye anayewasha, kila wiki, na gari halijawahi kugoma. Betri inapata chaji, oili inazunguka. Mwachie jirani funguo.

Spana13
MamaTatu dada yangu, hapo tutofautiane. Stata inachota umeme mwingi sana kwa mpigo mmoja, na baridi ndiyo inaongeza. Dakika kumi za kunguruma hapo hapo lilipo hazirudishi kilichochotwa, kwa hiyo kila Jumamosi betri inazidi kushuka.

Halafu kuna maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Injini ikishapata moto wa kutosha mvuke wote unatoka nje. Ikizimwa bado vuguvugu, unageuka matone ndani ya ekzosi na kwenye oili, na wiki ijayo yanaongezeka mengine. Ndiyo maana unakuta gari limetembea kidogo tu na ekzosi imeoza kutoka ndani.

Na hili nasema kwa msisitizo: banda lina kuta. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu hata kabla hajashtuka. Usimwombe jirani kitu kama hicho. Ama alitoe nje na kulitembeza nusu saa na zaidi mpaka lipate moto kweli, ama liachwe kimya.

MamaTatu
Nimekuelewa. Langu huwa analiendesha kwenda mbali na kurudi, haliwashi na kulizima. Kwa hilo la gesi nakuunga mkono kabisa.

Fundi_Umeme
Niongezee upande wa betri. Gari likizimwa halizimiki lote: alamu, kompyuta na kipokezi cha rimoti vinaendelea kunyonya. Tuseme vinanyonya miliampia 50. Kwa siku hiyo ni ampia-saa 1.2, na betri ya ampia-saa 60 itakuwa tupu kabla miezi miwili haijaisha. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyokwisha chaji inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, kasha linapasuka na tindikali inamwagika.

Kwa kuwa umeme unao, nunua chaja ya kulindia betri, ile inayopunguza yenyewe betri ikijaa. Chaja ya kawaida usiiache humo miezi, itaichemsha. Kama hutaki kuacha kitu kwenye umeme, ing'oe ukianza na waya wa hasi, uiweke ndani ya nyumba. Ikiwa imejaa na imetulia itasoma volti 12.6 au juu kidogo. Ila kabla ya kung'oa hakikisha una namba ya siri ya redio, na kama buti linafunguka kwa umeme usilifunge betri ikiwa nje.

Nyota_ya_Asubuhi
Na bima usiikate yote. Gari lililolala linaibiwa na kuungua pia. Uliza kama wanayo ya gari lisilotembea.

Mzee wa Gereji
Mwanangu, tangi jaza. Likiwa nusu, hewa iliyobaki inatoa unyevu kwenye kuta za tangi na petroli yenye ethanoli inaufyonza. Weka dawa ya kuzuia petroli isichache, kisha endesha kidogo ili ifike mpaka kwenye injini.

Lioshe, hasa chini, kama barabara zimeshamwagiwa chumvi. Likauke kabisa ndiyo uliingize. Usilifunike kwa nailoni, linatoka jasho na koga linaota. Tafuta kitambaa kinachopumua, na chini kwenye zege ndipo utandike nailoni, maana zege nalo linatoa unyevu. Matairi ongeza upepo kidogo bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni, baridi itaupunguza.

Panya usiwadharau. Wanaingia kwa filta ya hewa, wanajenga humo na kutafuna nyaya. Ziba ekzosi na mdomo wa hewa kwa waya wa kusugulia sufuria, kisha funga kitambaa chekundu kwenye usukani usije ukawasha ukasahau kuzibua. Mabaki ya biskuti za watoto toa yote.

Handibreki usivute. Pedi zinashikana na diski kwa kutu. Weka P na vigingi kwenye matairi.

Kipupwe
Shikamoo mzee. Wakuu nashukuru sana, jirani simsumbui tena, na chaja naitafuta wiki hii. Shida moja: handibreki yangu ni ya kitufe, nikiweka P inajifunga yenyewe.

Mzee wa Gereji
Marahaba. Soma kitabu cha gari, mengi yana namna ya kuizuia isijifunge. Fanya hivyo betri ikiwa bado imefungwa, ukiishaing'oa kitufe hakitakusikia. Kama lako halina namna hiyo, basi baada ya kuliosha liendeshe ukikanyaga breki mara kadhaa mpaka diski zikauke, ndipo uliingize bandani.