MREJESHO: Waya wa USB-C kwenda HDMI nimeupata

Wakuu, habari zenu. Niliuliza ni wapi mtandaoni nipate waya wa bei nafuu wa kuunganisha laptopu yenye USB-C na skrini yangu ya 4K. Aliyesema nisome maelezo kabla ya bei, Mungu akubariki, umenisaidia mno.

Nyaya nyingi za bei ya kutupa zimeandikwa 4K kwa herufi kubwa, ila ukishuka chini kabisa unakuta 30Hz, yaani picha inabadilika mara 30 tu kwa sekunde. Kwa 30Hz mshale wa kipanya unaburuzika, kazi ya kutwa inachosha macho. Nikachuja zenye 4K 60Hz tu, nikalinganisha bei pamoja na usafiri, maana usafiri ndio unaokula punguzo lote. Muuzaji wa Kariakoo niliyempata Instagram akakubali nilipe mzigo ukifika. Nimechomeka, nikafungua mipangilio ya skrini: 60Hz imekaa.

Mkuu uliyeuliza kama laptopu yoyote itafaa: hapana. Tundu la USB-C lazima liwe linatoa picha. Mengine ni ya chaji na data tu, na hapo hata waya wa laki hauonyeshi kitu. Nitumie modeli ya mashine yako nikuangalizie kabla hujalipa.