Mpelelezi mwanamke kwenye tamthilia: tunampendea nini hasa?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna mada imeigawa sebule yetu tangu Jumapili, nikaona niilete hapa. Mume wangu anasema tamthilia za upelelezi zenye mpelelezi mwanamke ni fasheni tu: hadithi ni ileile ya zamani, mwanamume kavuliwa koti, kavalishwa mwanamke. Wifi yangu anakwenda mbali zaidi. Anasema zinaishi kwa maiti za mabinti, kila ukifungulia binti kaokotwa mtoni, kwa hiyo zisijidai kumheshimu mwanamke. Mimi nazipenda sana, na sababu yangu si hiyo ya fasheni.

Turudi 1991. ITV ya Uingereza ilionyesha Prime Suspect, kazi ya mwandishi Lynda La Plante, Helen Mirren akiigiza mpelelezi Jane Tennison. Ana cheo, ana uzoefu, lakini kesi za mauaji wanapewa wanaume. Siku mwenzake anayeongoza upelelezi mmoja anapofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, Tennison anadai jalada. Kikosi kinanuna. Sasa angalieni jambo analoligundua mapema kabisa: maiti imepewa jina lisilo lake. Wapelelezi walikuta binti kauawa chumbani kwa kahaba, wakaandika kwamba huyu ndiye kahaba mwenyewe, wakaenda kumsaka muuaji. Hakuna aliyerudi kumtazama marehemu. Na yule kiongozi wa upelelezi aliyefariki alikuwa na uhusiano na kahaba huyo, jambo ambalo swahiba wake kikosini alikuwa akilifunika.

Mvuto ninaouona mimi uko hapo. Kabla hajamjua muuaji, Tennison anamrudishia aliyekufa jina lake. Hadithi nyingi nilizozizoea humfanya marehemu kuwa mlango wa kuingilia, ukishapita humkumbuki tena. Hii ilinilazimisha nimkumbuke. Na La Plante hakuyatoa hewani. Alijifunza kazi hiyo kwa Jackie Malton, afisa wa kweli wa polisi wa London, mmoja wa wanawake wachache mno wenye cheo kama cha Tennison wakati ule.

Mwaka 2007 Wadenmark wakaja na Forbrydelsen, mpelelezi akiwa Sarah Lund. Msimu wa kwanza una vipindi 20, vyote kwa kifo cha binti mmoja. Unakaa jikoni na wazazi wake, unaona baba asivyojua aishike wapi huzuni yake. Wifi, kama hiyo nayo ni kuishi kwa maiti, basi tuambiane matanga ni nini.

Kwetu hadithi za upelelezi hazikuanza jana. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alishaingia kitabuni 1960. Baadaye tukampata Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nimewasoma nikiwa sekondari, kitabu kikizunguka bwenini hadi jalada linachanika, na bado nawapenda. Lakini hata Nuru, mwenza wa Joram Kiango, pamoja na akili na ujasiri wake wote, alibaki kuwa mwenza. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Mombasa

Dadangu, hoja ya jina nimeipenda, ila kuna jambo umelipita mbio. Huyu mwanamke shupavu mbona lazima nyumba yake iharibike? Tennison huyo huyo, misimu ya mwisho ni mlevi na mpweke. Sarah Lund mwanawe wa kiume anamponyoka kwa sababu mama hayupo. Saga Norén wa Bron, ile ya maiti iliyowekwa katikati ya daraja kati ya Sweden na Denmark, hana hata namna ya kuzungumza na watu kwa upole. Yaani mtazamaji anaambiwa: mwanamke akiwa hodari kazini, hesabu yake italipwa nyumbani. Wapelelezi wanaume nao hunywa pombe na kuachika, lakini wao huonekana wana kina, si wana kasoro.

Huku Kenya tulipata Makena, Sarah Hassan ndiye aliyemwigiza, katika Crime and Justice ya Showmax, mwaka 2021. Yuko na mwenzake Silas, wanafanya kazi Nairobi, kesi zinafanana na zile tunazosoma magazetini. Mimi nilimpenda kwa sababu ya mitaa ninayoijua na lugha ninayoisikia. Pengine tukubali tu kwamba mtu hupenda kujiona.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi namuunga mkono shemeji, mume wa mleta mada. Hadithi ikiwa nzuri ni nzuri. Mpelelezi awe mwanamke au mwanamume, mimi nataka nisimjue muuaji hadi dakika ya mwisho.

Mchangiaji, askari mstaafu

Nilikuwa askari miaka 11, minne ya mwisho kwenye dawati la jinsia na watoto. Kituo sitakitaja.

Kwenye luninga kesi inakwama kwa sababu muuaji ni mjanja. Kwetu mtuhumiwa alijulikana siku ya kwanza: ni mjomba, ni jirani, ni mwenye nyumba. Kesi ilikwama kwa sababu shahidi hana nauli ya kuja mahakamani mara ya nne. Au familia mbili zimekaa kikao, pesa imepita, mambo yamekwisha nyumbani, na mama wa mtoto anakuja kaunta analia, anaomba jalada lifungwe. Mara ya kwanza kumwona mama wa namna hiyo nilimkasirikia. Baadaye nikajua anakula kwa huyo huyo mtuhumiwa.

Mleta mada, umesema kweli kuhusu jina, lakini naomba tusifike mahali pa kusema mwanamke anasikiliza kwa sababu ni mwanamke. Nilifanya kazi na afande mwanamume aliyekuwa anakaa chini sakafuni ili mtoto asimtazame kwa kuinua shingo. Nilifanya kazi pia na mwanamke mwenzangu aliyemuuliza binti alikuwa amevaa nini. Mkisema ni kipaji cha kike, mnawasamehe wanaume wote wasiosikiliza, na mnamwachia askari wa kike mmoja kazi ya kituo kizima.

Mleta mada

Afande, hapo umenikamata, na nakubali. Nilikuwa naelekea kulekule bila kujua. Tennison hakumtambua marehemu kwa moyo wa kike. Alimtambua kwa sababu alifanya kazi ambayo wenzake waliiruka.

Ndugu wa Mombasa, kuhusu nyumba kuharibika nina jibu moja tu: Happy Valley ya BBC, iliyoanza 2014 ikaisha 2023. Catherine Cawood ni sajenti wa kuvaa sare huko Yorkshire. Binti yake alibakwa, akajifungua, akajiua, na Catherine analea mjukuu huku akiishi na mdogo wake aliyewahi kuzama kwenye dawa za kulevya. Nyumba imejeruhiwa, lakini haijamshinda. Bibi anayelea mjukuu kwa sababu mama wa mtoto hayupo, halafu asubuhi anakwenda kazini, nani kati yetu hamjui? Mama yangu aliitazama kwa Kiingereza asichokielewa nusu yake, na hakuinuka.

Mkuu wa Mwanza, wewe unataka fumbo, nami sikunyimi. Ila muuaji ukishamjua, tamthilia yako hurudii kuitazama. Mimi Happy Valley nimeirudia mara tatu.

Afande, nikuulize. Ukipewa kalamu uandike kipindi cha kwanza, kingeanzia wapi?

Mchangiaji, askari mstaafu

Kingeanzia kaunta, saa mbili usiku. Binti yuko na shangazi yake. Kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ameandikwa jina la shuleni, kwenye maelezo ameandikwa jina analoitwa nyumbani, na aliyeandika yote mawili hakulinganisha. Asubuhi mpelelezi anapanda bodaboda kwenda hospitali, kisha shuleni kutafuta rejista, kisha kwa mjumbe, kwa sababu akiliacha hivyo wakili atasimama mahakamani aulize hawa ni watoto wawili au mmoja.

Safari hiyo niliifanya. Ilichukua siku nzima, na nauli ya bodaboda niliitoa mfukoni mwangu.