Kuwafikia watalii wa China msimu wa Mwaka Mpya wao: tuanzie wapi?

mkaazi_wa_Tengeru anauliza:

Habari za kazi, wakuu. Tuna kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, na wageni wetu wengi ni Wajerumani na Waholanzi ambao hutupata kwa kuambiana wenyewe kwa wenyewe au kupitia Instagram. Sasa tunataka kuwafikia Wachina wanaosafiri katika likizo ya Mwaka Mpya wao, ambao mwaka 2027 utaangukia Februari 6, kwa kuwa tunawaona wenzetu wakipokea familia nzima nzima kipindi hicho ilhali baadhi ya magari yetu yameegeshwa.

Tulichofikiria mpaka sasa ni kuyatafsiri kwa Kichina matangazo yetu ya Instagram, kuyapamba kwa rangi nyekundu na picha ya mbuzi, kwani utakuwa mwaka wa mbuzi katika kalenda yao, kisha kulipia yasambazwe kuanzia katikati ya Januari. Je, mpango huu una mashiko? Na mwenye bajeti ndogo aupe kipaumbele mtandao gani? Nitashukuru kupata majibu ya watu waliolifanyia kazi soko lile.

mkalimani_Guangzhou anajibu:

Ndugu yangu, ni vizuri umeuliza kabla ya kulipia, maana fedha hiyo isingewafikia unaowakusudia. Facebook imefungwa China Bara tangu 2009, na Instagram tangu 2014. Hata TikTok tunayoitumia huko nyumbani siyo wanayoitumia wao. Wao wana Douyin, iliyoanza 2016, ambayo ni ya kampuni ileile ya ByteDance lakini inaendeshwa peke yake, kiasi kwamba video uliyoiweka TikTok ukiwa Arusha mtu wa Chengdu haioni kwenye Douyin yake.

Kwa bajeti ndogo, ningeanza na Xiaohongshu. Mtandao huu ulianzishwa Shanghai mwaka 2013, watumiaji wake wengi ni wanawake vijana wa mijini, na kwa niliyoyaona katika kazi yangu, mara nyingi hao ndio wanaopanga safari ya familia nzima, wazazi wazee wakiwemo. Wanautumia kutafuta majibu. Mtu huandika kwamba anataka kwenda Tanzania mwezi wa pili na mtoto wa miaka sita, kisha anakaa kusoma wenzake walilala wapi, walilipa kiasi gani, barabara ina vumbi kiasi gani, na kama kambini kulikuwa na maji ya moto ya kunywa wakati wowote. Chapisho linalojibu maswali ya namna hiyo, lenye picha za kawaida zilizopigwa kwa simu, huendelea kusomwa kwa miezi mingi, wakati tangazo la kulipia hutoweka siku fedha inapokwisha. Mtafuteni Mchina awaandikie kutokana na maelezo yenu. Maandishi yaliyotafsiriwa na programu wanayatambua kwenye mstari wa kwanza, na wakishayatambua hawaendelei kusoma.

Kuhusu wakati, katikati ya Januari mtakuwa mmechelewa sana. Msimu ule una pilikapilika za usafiri za siku 40, wanazoziita chunyun, na bei za tiketi hupanda mapema. Anayekuja Afrika na watu watano anahitaji viza, ruhusa ya kazini na ndege, hivyo mwezi wa kumi au wa kumi na moja huwa amekwishaamua. Ningetaka machapisho yenu yaanze kuonekana Agosti. Zingatieni pia urefu wa likizo yenyewe: mwaka 2026 ilikuwa siku tisa, kuanzia Februari 15 hadi 23, na siku mbili kati ya hizo huliwa na safari ya kwenda na kurudi. Ratiba ya siku kumi na mbili mnayowauzia Waholanzi haitauzika kwa mtu huyu.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kile mtakachowaambia. Wachina wengi wamekwisha kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara kwenye televisheni, na kwa sababu hiyo wanaamini nyumbu ni wa Julai na Agosti tu. Mwaka Mpya wao, kwa kufuata mwandamo wa mwezi, huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na wakati huohuo nyumbu wako Ndutu na kwenye tambarare za kusini mwa Serengeti wakizaa, maelfu ya ndama kila siku katika muda wa majuma machache, huku duma na fisi wakiwa hawako mbali. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa, na mtoto wa miaka sita anaweza kuyaona hayo yote akiwa ndani ya gari. Likizo yao na uzazi wa nyumbu vinakutana kila mwaka, na wengi wao hawana habari. Andikeni hilo, mliandike tena na tena, na picha ya mbuzi muiache.

Tahadhari moja ya kisheria: Sheria ya Matangazo ya China iliyoanza kutumika Septemba 2015, katika kifungu cha 9, inakataza maneno ya aina ya "bora kuliko zote", na faini yake ni kati ya yuan 200,000 na milioni 1. Andikeni aina ya gari, idadi ya abiria na umbali wa kambi.

kahawa_ya_Huye anajibu:

Nakubaliana na mkalimani, ila naongeza neno kuhusu matangazo mubashara ya mauzo, kwa kuwa kila mwenye kulizungumzia soko la China huyataja. Mwezi Mei 2020 Balozi wa Rwanda nchini China, James Kimonyo, aliketi na muuzaji maarufu wa mitandaoni Viya, na pakiti 3,000 za kahawa yetu zikamalizika kwa muda wa kufumba na kufumbua. Sisi wa kahawa tunalikumbuka tukio hilo kwa furaha. Hata hivyo pakiti ya kahawa ni kitu mtu anachoweza kukinunua bila kumwuliza mwenzake, tena ni zawadi inayofaa kupelekwa kwa wakwe wakati wa sikukuu. Safari ya maelfu ya dola haiamuliwi hivyo. Msije mkatumia bajeti yote kumlipa mtu mwenye wafuasi mamilioni.

mkaazi_wa_Tengeru anauliza tena:

Nimeelewa, na nawashukuru sana. Je, hii habari ya bahasha nyekundu za zawadi ya fedha za WeChat, ule mtandao wa Wachina wa kutumiana ujumbe, inatuhusu? Na usiku wa mkesha, wageni wakiwa kambini, tufanye nini?

dada_wa_mapokezi anajibu:

Kaka, hilo la mkesha ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu nimewahudumia wageni hawa kambini na naamini tangazo lenu la mwaka unaofuata hutengenezwa usiku ule.

Bahasha za fedha ndani ya WeChat zilianza mwaka 2014, na watu hutumiana kwa wingi mno siku hizo. Kampuni inaweza kusanifu jalada la bahasha lenye picha yake, likagharimu takriban yuan moja kila moja, na mgeni akalitumia kuwatumia ndugu zake fedha zake mwenyewe. Jalada lenye ndama wa nyumbu na mama yake, bila nembo kubwa, litafunguliwa na shangazi na mabinamu ambao msingewafikia kwa njia yoyote. Kampuni hulitengeneza kupitia akaunti rasmi ya WeChat iliyothibitishwa, kwa hiyo shughulikieni usajili mapema. WeChat mtaihitaji kwa vyovyote, maana WhatsApp pia imezuiwa kule, na mwulizaji asiyejibiwa siku hiyohiyo huhamia kwa wakala mwingine.

Sasa usiku wenyewe. Saa sita ya usiku ya Beijing ni saa moja ya jioni kwetu, jua likiwa ndiyo kwanza limezama Ndutu. Tamasha la televisheni ya taifa wanalolitazama nchi nzima linaanza saa tisa alasiri kwa saa zetu. Kwa hiyo wageni wasiwe porini jioni hiyo. Warudi mapema, wakute meza moja ya duara ya familia nzima na samaki mzima, na mpishi awaachie bibi na wajukuu wafunge wenyewe maandazi ya nyama ya kuchemsha wanayoyaita jiaozi. Vitambaa vya meza visiwe vyeupe vitupu, kwani nyeupe kwao ni rangi ya msiba. Ikifika saa moja kasoro, kila mmoja atashika simu kuwapigia waliobaki nyumbani na kuwaonyesha alipo. Intaneti ya kambi ikikatika dakika hizo, mmepoteza kila kitu mlichokijenga tangu Agosti. Kodini kifaa cha pili cha intaneti, jenereta iwe na mafuta, na msiwaombe wageni wawataje; picha watakazoziweka Xiaohongshu mkiziona, waombeni ruhusa kwanza kabla ya kuzitumia kwenye akaunti yenu.