Naomba ushauri: nduaro anagonga chambo cha bandia, kisha ndoana inachomoka

Wakuu, tunakokota vyambo vitano vya bandia, maili 8 za baharini kwa saa, mshipi unaohimili kilo 37. Breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), ikipimwa kwa mizani huku mshipi umepita kwenye fimbo, ni kilo 12 tangu mwanzo. Nduaro (samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki) anapiga, rili inalia sekunde chache, mshipi unalegea. Ndoana inarudi nzima, ncha kali.

Nashuku breki: hiyo ni theluthi ya nguvu ya mshipi, na mshipi ukipungua kwenye rili mkazo hupanda wenyewe. Nishuke hadi kilo 9? Au ni ndoana mbili zinazochezacheza chini ya sketi (vipande laini vinavyoning'inia kwenye chambo na kuficha ndoana). Nibaki na moja, niikaze isicheze? (Ndoana ya duara naiweka kwenye chambo cha samaki tu.)