Saadani na watoto watatu: tutembee wapi?

Mama wa Nkuhungu

Habari zenu wadau. Naandika kutoka Dodoma. Juni shule zikifungwa tumepanga kwenda Saadani siku tatu: mimi, baba yao na watoto watatu, wa miaka 13, tisa na mitano. Chanzo ni huyu wa kati. Hajawahi kuona bahari, na mwalimu wao aliwasimulia kwamba iko hifadhi ambayo pori lake linaishia kwenye maji ya chumvi. Tangu siku hiyo hatupumui.

Swali langu ni la kutembea kwa miguu. Sisi si watu wa kushinda garini. Jumapili huwa tunapanda kilima cha Simba hapa mjini, na hata huyu mdogo anafika juu kwa miguu yake, ila kushuka ni mgongoni kwa baba yake. Nilimuuliza wakala mmoja akanitumia orodha ya njia nne, zote kaandika "rahisi, inafaa familia". Ya kilomita mbili rahisi, ya kilomita nane nayo rahisi. Nikamuuliza njia ipi ina kivuli, akanijibu bei.

Naombeni mliokwenda na watoto mniambie ukweli. Hoteli msinitajie, hilo nimeshamaliza.

Dereva wa Noah

Dada, kabla ya miguu fikiria barabara. Morogoro, Chalinze, halafu unakamata njia ya Segera. Ukifika Mandera unakata kulia kupitia Miono, hapo zimebaki kama kilomita 60 na lami umeiaga. Kuna vipande vya udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua ikigusa gari linakaa kama kuku anayeatamia. Masika huwa inaachia Mei, lakini mwaka mwingine inajisahau mpaka Juni, kwa hiyo piga simu getini siku moja kabla uulize.

Siku ya kusafiri usiipangie matembezi yoyote. Mkitoka Dodoma alfajiri, chai Kibaigwa, watoto wakifika watakuwa wameiva. Kama mnaweza, pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro muanze na gari hapo, watoto wanafika na nguvu zao.

Na malipo ya hifadhi ni kwa kontroo namba, fedha taslimu hawapokei. Wa chini ya miaka mitano hawalipi, ila wako ametimiza, mhesabu.

Mzee wa Ipagala

Mama, wakala wako anahesabu kilomita. Pwani tunahesabu maji. Mimi ni mzaliwa wa Mkwaja, juu ya Saadani ukielekea Pangani. Huu ni mwaka wangu wa 22 hapa Ipagala na bado nikitoka nje usiku nautazama mwezi nijue kule kwetu maji yakoje.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku inayofuata inachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanakwenda mbali kabisa, yakirudi yanarudi mpaka juu kwenye majani. Siku hizo yanakauka asubuhi, kwenye saa nne au saa tano, na kwenye saa kumi jioni yamejaa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hayaendi mbali wala hayapandi sana, na saa zimegeuka, saa nne asubuhi ndipo yamejaa.

Nakueleza haya kwa sababu ufuko ule ule ni njia mbili tofauti. Maji yakiwa yametoka unatembea kwenye mchanga uliobanwa na mawimbi, mgumu, wa miaka mitano atakimbia mpaka umwite. Maji yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga mkavu, na huo ni kama kutembea juu ya lundo la mtama: mguu unazama, unauvuta, unazama tena. Kilomita mbili za hivyo zitawachosha kuliko kilima cha Simba kwenda na kurudi.

Kwa hiyo njia yenu ya kwanza ni ufuko, maji yakiwa yanatoka. Anzeni bado yanashuka, mgeuke kabla hayajafika mwisho. Juni kunavuma kusi, upepo wa kutoka kusini, kwa hiyo mwanzoni elekeeni huko huko, upepo uwe usoni mkiwa na nguvu, kisha uwasukume mgongoni mkirudi. Wengi hufanya kinyume, wanakwenda kwa raha halafu wanarudi na mtoto analia mchanga wa machoni.

Vijito vya maji ya chumvi viogopeni. Nilikwenda na wajukuu wawili, tukavuka kijito kikavu kabisa, tope limepasukapasuka, tukaenda kuokota makombe. Mimi mwenyewe, mtoto wa pwani, nikanogewa na hadithi nikasahau saa. Tuliporudi kijito kilikuwa kinanifika mapajani na maji yanaingia kwa nguvu. Nilivusha mmoja mabegani, nikamrudia wa pili, na kandambili zangu zikaelea kuelekea Miono. Bibi yao hajui mpaka leo. Karibu na mdomo wa Wami msithubutu kukanyaga maji hata ya kifundoni, kule kuna mamba.

Mwalimu wa Makole

Mzee kaongea. Naongeza mawili kwa dada.

Kwanza, umri. Sisi tulipokwenda tuliambiwa kutembea porini kwa miguu, na askari mwenye bunduki, ni kwa walioanzia miaka 12. Kwa hiyo wako mkubwa anaweza kwenda na baba yake, hao wawili hapana. Uliza mapema, la sivyo mtagawana vikundi getini watoto wakinuna. Na hata ufukweni usitoke bila kuwaambia wahifadhi. Ule si ufuko wa Coco, tembo na simba wanaishi hapo hapo nyuma.

Pili, mbung'o. Wanapenda rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi. Binti yangu alivaa sweta la shule, bluu, kwa sababu asubuhi kulikuwa na kaubaridi. Gari zima tulikuwa watu sita, mbung'o wote kwake. Wanauma juu ya nguo. Chukueni kaki, kijani kilichofifia, rangi ya udongo wetu wa Dodoma hasa.

Kama mnapita kijijini Saadani, huyo wa miaka 13 mkumbushe Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani hapo hapo mwaka 1889. Darasani wanalisoma jina la Saadani wakidhani ni mahali pa kufikirika.

Mpenda Misitu

Jamani mbona hakuna anayetaja Zaraninge? Dada kauliza kivuli. Msitu ule uko ndani ya hifadhi, miti imefunga juu, unatembea kwenye majani yaliyooza kama zulia. Mbega wanaruka, zile manyoya nyeupe za mabegani zinapepea. Ufukweni saa nne jua linakuchoma kutoka juu na kutoka chini.

Mzee wa Ipagala

Sibishani nawe mwanangu, msitu ni mzuri. Lakini mbega anaonekana na aliyenyamaza, na wa miaka mitano akinyamaza ujue amelala. Hiyo mpeni baba na huyo mkubwa, asubuhi ya siku ya pili. Mama na wadogo waende mikokoni na mtu wa hifadhi. Hata mita 200 zinatosha. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, unachomoza mizizi juu ya tope, imesimama kama misumari, ndiyo sababu nasema yeboyebo za kufunga nyuma, kandambili hapana. Wasimame bila kujitikisa mpaka wahesabu mia. Kaa wadogo watatoka mashimoni, dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, analipungia jike kama anaita daladala. Mtu akipiga chafya wote wamerudi ndani, mnaanza kuhesabu upya. Wajukuu wangu walimaliza saa nzima hapo, na hakuna aliyeniuliza tunarudi lini.

Jioni pandeni boti Mto Wami mkaone viboko. Hapo hamtembei, ila huyo wa miaka tisa mwambie hivi: Hombolo anapajua? Mto unaolisha bwawa lile ni Kinyasungwe mdogo. Kinyasungwe unateremka mpaka unaingia Mkondoa, na Mkondoa ndio unaokuja kuitwa Wami. Mvua ya Dodoma, ile kidogo tunayopewa, ikiponea jua na mchanga inakuja kumalizikia pale kwenye viboko. Atakuwa ameyafuata maji ya kwao.

Mama wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Hiyo ya Hombolo nimemsomea kwa sauti. Amenyamaza, halafu akauliza kama viboko wanajua kwamba maji yao yametoka Dodoma. Sikuwa na jibu.

Nimetazama kalenda. Siku yetu ya kwanza ya kutembea itakuwa mwezi umeshapevuka siku mbili. Kwa hesabu zako naona maji yatakauka saa tano kuelekea saa sita. Nimepatia? Basi nimepanga hivi: tunaingia ufukweni saa tatu, kusini, tunageuka saa nne na nusu hata kama tumekwenda nusu kilomita tu. Kesho yake mkubwa na baba yake Zaraninge, sisi mikokoni, jioni boti. Njia ya kilomita nane nimeifuta. Wakala kaniuliza kwa nini, nikamwambia bamvua, akasema hiyo haipo kwenye orodha yake.

Masweta ya shule yamebaki kabatini. Nimebakiwa na swali moja. Huyu mdogo akichoka katikati ya ufuko?

Mzee wa Ipagala

Marahaba mama. Hesabu umepatia, ila kaifikishe kwa wavuvi wa kijijini wakuthibitishie, wao wanaipiga kila siku.

Huyo mdogo, mgongoni kwa baba yake. Mchanga ukiwa mgumu hataona tofauti na kilimani.